Nakshi ya Chuma na Jina la Fundi

Miaka michache iliyopita nilinunua kisu cha jikoni kwa sababu moja tu, nayo ni uzuri wa bapa lake. Lilikuwa na mawimbi ya kijivu yaliyopishana na meupe, mfano wa michirizi ambayo bahari huiacha mchangani maji yanapokupwa. Juu ya kasha lake palikuwa pameandikwa neno Damascus, yaani Dameski, na bei yake ilikuwa maradufu ya bei ya visu vilivyokuwa kando yake. Nililipa bila kubishana. Baada ya miezi kadhaa ya kuoshwa na kusuguliwa kwa stilwaya, mawimbi yale yakaanza kufifia, kisha yakatoweka kabisa. Kumbe yalikuwa yamechorwa tu juu ya chuma cha kawaida. Wahenga walikwisha kunionya: uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi.

Hasara ile ilikuwa ndogo, na sina haja ya kumshitaki muuzaji mbele ya wasomaji. Kilichonisumbua ni swali lililobaki baada ya mawimbi kufutika. Nilikuwa nimelipia nini hasa? Sikulipia makali, kwa kuwa vile visu vingine vilikata vilevile. Nililipia nakshi, na pamoja na nakshi nikalipia jina la mji. Mimi ni mwalimu wa historia, na ilinipasa kujua kwamba majina ya namna hiyo huwa na habari ndefu. Nilipoifuatilia habari hii, niliona kwamba inatugusa sisi wa Afrika Mashariki kuliko nilivyodhani, na kwamba ndani yake mna swali la kisiasa: ni nani anayehesabiwa kuwa na maarifa, na ni nani anayehesabiwa kuwa na mikono tu?

Tuanze kwa kutenganisha mambo mawili ambayo wauzaji huyachanganya. Chuma chenye nakshi ndani ya mwili wake, wala si juu ya ngozi yake tu, hupatikana kwa njia kuu mbili. Njia ya kwanza ni ya kuunganisha. Mhunzi huchukua vipande vya chuma vya aina mbalimbali, huvipanga tabaka juu ya tabaka, huvipasha moto mkali, kisha huvifua kwa nyundo mpaka vishikamane. Akikunja, akisokota na kufua tena, tabaka huongezeka na kupindana. Bapa likisha kusuguliwa na kutiwa asidi, kila tabaka huitikia kwa rangi yake, na mchoro hujitokeza. Wahunzi wa Ulaya ya Kaskazini waliijua njia hii tangu kale. Upanga uliofukuliwa mwaka 1939 huko Sutton Hoo, Uingereza, katika kaburi la karne ya 7, ulifuliwa hivyo. Visu vingi vinavyouzwa leo kwa jina la Dameski, vile visivyochorwa kwa ujanja, ni vya njia hii. Mhunzi Mmarekani William Moran aliirudishia umaarufu nchini mwake alipoonyesha visu vyake hadharani mwaka 1973.

Njia ya pili ni ya chungu. Chuma kilitiwa ndani ya chungu kidogo cha udongo pamoja na vijiti, majani au makaa. Chungu kikazibwa, kikawekwa katika moto mkali kwa saa nyingi. Kaboni ya mimea iliingia ndani ya chuma hadi kikayeyuka, kisha kikaachwa kipoe polepole. Lililotoka ni donge dogo la chuma cha pua chenye kaboni kiasi cha asilimia 1.5, kiwango kikubwa mno kwa chuma cha kufuliwa kwa nyundo. Mhunzi aliyelitia donge hilo katika moto uliozidi, lilimpasukia. Aliyelifua kwa subira, kwa moto wa kadiri, alipata bapa ambalo ndani yake chembe ngumu zimejipanga mistari mistari katikati ya chuma kilicho laini zaidi. Mistari hiyo ndiyo mawimbi. Hakuna mkono ulioichora. Waajemi na Waarabu waliiita nakshi hiyo jauhar, neno lilelile ambalo kwetu limekuwa johari.

Nakiri upendeleo wangu. Nakshi ya kuunganisha inapendeza, lakini mara nyingi hujitangaza mno: ngazi, nyota, manyoya ya ndege, kila kitu kimepangwa ili mtazamaji asipite bila kugeuka. Mimi huvutiwa na johari ya chunguni, ambayo huwezi kuiona vizuri mpaka uligeuze bapa kwenye mwanga, na ambayo haifanani mahali pawili. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini upendeleo wa mtu hauanzi hewani. Nilipojiuliza kwa nini naipenda ile ya pili, niligundua kwamba ninachokipenda ni ushahidi wa kazi. Mawimbi yale ni kumbukumbu ya moto uliozuiwa usizidi, na ya mtu aliyejua wakati wa kupiga nyundo na wakati wa kuiweka chini. Ikiwa ndivyo, basi sina budi kumuuliza mtu huyo jina lake.

Hapo ndipo historia inapoanza kunyamaza. Chuma hicho cha chunguni hakikuzaliwa Dameski. Kilitengenezwa kusini mwa India na katika kisiwa cha Sri Lanka, na vilevile Uajemi na Asia ya Kati, ambako mabaki ya karakana zake yamefukuliwa Merv, katika Turkmenistan ya leo. Katika karne ya 9 mwanafalsafa al-Kindi wa Baghdad aliandika risala nzima juu ya panga. Alikuwa makini kuliko wauzaji wa zama zetu: alitofautisha mahali chuma kilipotoka na mahali upanga ulipofuliwa, akijua kwamba chuma cha Sri Lanka kingeweza kufuliwa katika nchi nyingine kabisa. Wazungu waliokuja baadaye hawakuhangaika na tofauti hiyo. Waliita bidhaa kwa jina la mji mashuhuri wa Waarabu, mji uliosifika kwa biashara na kwa wahunzi wake. Wanahistoria wanabishana hadi leo kuhusu asili halisi ya jina hilo, lakini athari yake haina ubishi: mfua chuma wa kijijini aliyeketi mbele ya tanuru maelfu ya kilomita kutoka Dameski akafutika.

Msomaji asidhani kwamba pwani yetu ilikuwa mtazamaji tu. Mwaka 1154 mwanajiografia al-Idrisi alikamilisha kitabu chake kwa ajili ya Mfalme Roger wa Pili wa Sicily. Hakuwahi kufika Afrika Mashariki. Alikusanya habari za wasafiri na za vitabu. Katika habari hizo anataja chuma kama bidhaa kubwa ya pwani yetu. Anasimulia kwamba wafanyabiashara walifika Sofala, katika Msumbiji ya leo, wakanunua chuma na kukipeleka India, ambako kilipata bei nzuri kwa sababu ya wingi wake, ubora wake na wepesi wake wa kufulika. Kisha anawasifu Wahindi kwa ustadi wao wa kukichanganya na kukiyeyusha chuma, na kwa panga zao zilizoshinda za mataifa mengine.

Ushahidi huo hautoshi kusema kwamba chuma cha Afrika ndicho kilichogeuka kuwa johari ndani ya vyungu vya India, nami sitawafundisha wanafunzi wangu hivyo ili tu tujisikie vizuri. Unatosha kusema jambo dogo lakini la maana: miaka zaidi ya 860 iliyopita, chuma cha Waafrika kilisafiri kuvuka bahari, kikasifiwa na watu waliokuwa mabingwa wa chuma. Hata hapo jina lililobaki ni la bandari. Tunasoma habari za chuma cha Sofala. Hatusomi habari za waliokichimba, waliokata kuni za makaa na waliovuta mivukuto.

Lugha yetu nayo imehifadhi alama ya biashara iliyorudi kwa upande wa pili. Kamusi za zamani za Kiswahili zina neno feleji, maana yake chuma cha pua kilicho bora, na upanga wa feleji ni ule upanga mrefu ulionyooka, wenye makali pande mbili. Mswahili wa pwani aliweza kupambanua chuma na feleji kama mnunuzi wa leo anavyopambanua simu halisi na ya bandia. Ni neno ambalo wanafunzi wangu wengi hawalijui, na sishangai. Neno hufa pale watu wanapoacha kukihitaji kile linachokitaja.

Sasa twende London, maana ndiko johari ilikopata jina jipya. Mwaka 1794 tabibu Helenus Scott alipeleka kutoka Bombay madonge ya chuma cha chunguni kwa Joseph Banks, rais wa Jumuiya ya Kifalme ya wanasayansi. Mwaka uliofuata George Pearson alichapisha uchunguzi wake juu ya chuma hicho, akakiita wootz, namna ya Kiingereza ya neno linalohusishwa na ukku la Kikannada. Katika kichwa cha makala yake alieleza kwamba chuma hicho kilitengenezwa Bombay. Bombay ilikuwa bandari kilikopitia. Vijiji vilivyokuwa mashuhuri kwa kukitengeneza vilikuwa mbali, kusini na bara. Dameski, Sofala, Bombay: mara tatu bidhaa inapewa jina la mahali ilipopakiwa au kuuzwa.

Baada ya Pearson alikuja Michael Faraday, yuleyule wa umeme. Baba yake alikuwa mhunzi. Kati ya mwaka 1818 na 1822 alishirikiana na James Stodart, mtengenezaji wa visu wa London, kuchunguza wootz na kujaribu kuiga sifa zake. Mwanzoni Faraday alifikiri siri imo katika madini mengine yaliyochanganyika na chuma. Alikosea, ingawa kosa lake lilimpeleka kwenye majaribio ya kuchanganya chuma na metali nyingine, ambayo leo yanahesabiwa miongoni mwa chanzo cha elimu ya aloi za chuma cha pua. Katika miaka hiyohiyo ya 1820 Jean-Robert Bréant wa Paris alionyesha kwamba jambo la msingi ni wingi wa kaboni na namna donge linavyopoa. Huko Zlatoust, katika milima ya Ural, Pavel Anosov alifanya majaribio kwa miaka mingi na kuchapisha matokeo yake mwaka 1841.

Wanaume hawa walikuwa na akili kubwa, nami nawaheshimu. Lakini tazama walivyouliza. Donge la chuma liliwekwa mezani, likakatwa, likayeyushwa, likatiwa asidi. Aliyelitengeneza hakuwekwa mezani. Wapo waliokwenda hadi kwake: Francis Buchanan alisafiri Mysore mwaka 1800 na 1801 na kueleza kazi hiyo kwa makini, na maelezo ya Henry Wesley Voysey, yaliyochapishwa mwaka 1832, yanakieleza kijiji cha Konasamudram ambako wafanyabiashara wa Kiajemi walifika wenyewe kununua chuma na kusimamia utengenezaji wake. Hata katika maelezo hayo mazuri fundi anaonekana kama sehemu ya tanuru. Tunajua anachotia chunguni. Anachofikiri hatukijui, wala hatujui anamfundishaje mwanawe kutambua kwa jicho kwamba moto umetosha. Mfanyabiashara wa Kiajemi, ambaye maisha yake yalitegemea ubora wa donge, alijua kwamba lazima akae karibu na fundi. Msomi wa London alidhani donge lingemtosha.

Kisha kazi yenyewe ikafa. Katika karne ya 19 chuma cha bei nafuu cha viwanda vya Uingereza kiliingia India kwa wingi. Sheria za misitu za mwaka 1865 na 1878 zilibana matumizi ya misitu, na bila kuni hakuna makaa, na bila makaa hakuna chuma. Baada ya maasi makubwa ya mwaka 1857 serikali ya kikoloni ilikaza udhibiti wa silaha, na sheria ya mwaka 1878 ikautilia muhuri. Bunduki nayo ilikuwa imekwisha kuushusha hadhi upanga. Mwanzoni mwa karne ya 20 johari ilikuwa kitu cha kabati la mkusanyaji. Wapenda nakshi hawakupungua. Waliopungua ni waliojua kuitoa.

Kuna jambo linaloifanya habari hii isiwe nyepesi, na nisingekuwa mkweli nikiliacha. Mwaka 1998 mtaalamu wa metali John Verhoeven wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Iowa alichapisha, pamoja na wenzake, hoja kwamba mawimbi ya johari hutegemea pia uchafu mdogo mno ndani ya chuma, hususan vanadi. Kwa hiyo si kila madini ya chuma yanayofaa. Machimbo yenye madini hayo yalipoisha au kuachwa, mhunzi angeweza kufuata kila hatua aliyofundishwa na babu yake, na mawimbi yasitokee. Fundi wa zamani hakujua sababu hiyo, na asingeweza kuijua kwa vyombo vyake. Maarifa ya mkono yana mipaka, sawa na maarifa ya maabara. Lakini angalia nani alikuwa miongoni mwa waandishi wa makala ile: Alfred Pendray, mhunzi wa Florida, ambaye kwa miaka mingi alifua madonge hadi mawimbi yakarudi. Safari hii mwenye nyundo aliandikwa jina.

Kwetu tuna mfano wa karibu zaidi. Katika miaka ya 1970 mwanaakiolojia Peter Schmidt alifanya kazi Buhaya, magharibi mwa Ziwa Viktoria. Wazee wa Kihaya walikubali kujenga upya tanuru la kuyeyushia chuma, kazi ambayo ilikuwa imeachwa kwa miongo kadhaa tangu chuma cha kigeni kilipojaa sokoni. Walichimba shimo, wakalijaza matete yaliyochomwa, wakajenga tanuru kwa udongo, wakaingiza ndani kabisa mirija ya kupitishia hewa ya mivukuto. Kilichotoka kilikuwa na sehemu zilizo chuma cha pua. Mwaka 1978 Schmidt na mhandisi Donald Avery walichapisha matokeo katika jarida la Science, wakiyahusisha na matanuru ya kale ya eneo hilo yenye umri wa kati ya miaka 1,500 na 2,000. Wataalamu wengine wamepinga baadhi ya hoja zao, hasa ile ya kwamba hewa ilipata joto ndani ya mirija kabla ya kufika motoni, na mabishano hayo ni halali katika elimu. Lakini bila kumbukumbu za wazee wale kusingekuwa na la kubishania. Walikuwa walimu katika jaribio lile. Hata hivyo, juu ya makala yale yamo majina mawili tu, na yote ni ya wasomi.

Ninawaandikia watumishi wa umma na wanaharakati kwa sababu jambo hili halikuisha na wazee wale. Tunazo taasisi za kuhifadhi vitu. Makumbusho yetu yana mikuki, majembe na vichwa vya mirija ya udongo, vyote vimepewa namba. Taasisi za kuhifadhi watu wanaojua kutengeneza vitu ni chache zaidi. Japani ililiona tatizo hilo. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia utengenezaji wa panga ulipigwa marufuku kwa muda. Uliporuhusiwa, serikali iliweka utaratibu ambao mhunzi wa panga lazima ajifunze kwa bwana wake angalau miaka 5 ndipo apewe leseni, na mwaka 1977 tanuru la jadi la kutengenezea chuma cha panga liliwashwa tena katika mkoa wa Shimane. Sisemi tuige panga. Nasema kwamba dola iliukubali uanagenzi kuwa elimu, ikaulinda kwa sheria.

Sisi tumepiga hatua ya kwanza. Kupitia VETA, fundi wa Kitanzania aliyejifunza mtaani anaweza kupimwa na kupewa cheti cha kurasimisha ujuzi wake. Ni hatua njema, nami ningependa ipanuliwe. Cheti humthibitisha fundi anapokidhi kipimo tulichokwisha kukiandika. Hakiandiki kile anachokijua yeye ambacho vitabu vyetu havina. Mhunzi wa kijijini anayegeuza springi ya gari kuwa jembe, akipima joto la chuma kwa rangi yake, ana maarifa ya pua ambayo mhandisi hujifunza darasani kwa chati. Napendekeza jambo moja linalowezekana bila bajeti kubwa: kila utafiti unaofanyika kwa msaada wa fundi uandikwe jina lake miongoni mwa waandishi, na kila kifaa cha kisasa kinachoingia makumbusho kiandikwe jina la aliyekitengeneza, si la kijiji na kabila peke yake. Vyuo vyetu vinaweza kuanza muhula ujao, changu kikiwamo.

Kisu changu bado ninakitumia. Bapa lake sasa ni jeupe tupu, linakata vitunguu vizuri, na mke wangu hukicheka kila akikiona. Siku nitakapopata uwezo wa kununua bapa lenye johari ya kweli, nitamuuliza muuzaji swali ambalo sikumuuliza yule wa kwanza. Sitamuuliza limetoka mji gani. Nitamuuliza limefuliwa na nani, na kama hajui, nitajua kwamba bado ninauziwa kasha.